Sisplatini, kaboplatini au oksaliplatini: kulinganisha dawa tatu za platini kwa mgonjwa wa Mtwara na Lindi

Karatasi ya kemo huja na jina moja kati ya haya matatu, na kwa masikio ya nyumbani yote yanafanana. Ndugu mmoja anasema mama jirani alipewa sisplatini akatapika siku nne. Mwingine anasema mjomba wake wa Nachingwea alichomwa kaboplatini na jioni ile ile akala ugali. Swali linafuata: kwa nini sisi tusipewe ile nyepesi?

Jibu la kweli ni kwamba mara nyingi saratani yenyewe imeshachagua. Ila zipo hali nyingi ambazo daktari bingwa huweza kwenda huku au kule, na hapo figo, masikio, vidole, kazi ya mgonjwa na umbali wa kutoka Newala hadi kwenye kiti cha dripu vyote vina uzito. Ulinganisho huu ni wa mgonjwa na mlezi wake, na pia wa muuguzi au mfamasia anayezishika chupa hizi mara chache. Dawa haichaguliwi kwa kusoma tu; kinachosomwa hapa kikusaidie kuuliza vizuri.

Madini moja, mikono minne

Katika dawa zote tatu, atomu ya platini imekaa katikati ya mraba bapa, imeshika vitu vinne, kimoja kila pembe. Viwili ni vya kukaa, viwili ni vya kuondoka. Ukielewa vile viwili vya kuondoka umeelewa karibu kila kitu kinachofuata, kuanzia dripu gani itumike mpaka kwa nini mmoja anapata ganzi na mwingine anapungukiwa damu.

Sisplatini imeshika amonia mbili za kukaa na kloridi mbili za kuondoka. Kloridi hizo zimekaa pembe za jirani. Ukichukua atomu zile zile ukaweka kloridi pembe za kukabiliana, unapata transplatini, ambayo haifai kutibu saratani. Sisplatini yenyewe ilitengenezwa na Michele Peyrone wa Italia miaka ya 1840, na Alfred Werner akaeleza umbo lake mwaka 1893, bila yeyote kujua kwamba ni dawa. Mwaka 1965 Barnett Rosenberg, pale Michigan State University, alikuwa anajaribu umeme kwenye bakteria. Bakteria wakarefuka kama nyuzi, wakashindwa kugawanyika. Kumbe umeme hauhusiki: elektrodi za platini zilikuwa zinayeyuka kidogo kidogo ndani ya maji yenye amonia na kloridi, na kuzaa sisplatini. Marekani iliiruhusu itumike hospitalini mwaka 1978.

Kwenye damu kloridi ni nyingi, karibu milimoli 100 kwa lita, kwa hiyo kloridi za dawa zinatulia mahali pake. Ndani ya seli kloridi ni chache. Hapo maji yanasukuma kloridi nje, na ile mikono miwili iliyobaki mitupu inashika DNA, hasa guanini (mojawapo ya herufi nne za DNA) mbili zilizokaa jirani. DNA inapinda, seli inashindwa kuinakili, inakufa. Seli ya saratani inagawanyika haraka, kwa hiyo inaumia zaidi, lakini figo, sikio la ndani na mishipa ya fahamu nazo hupata sehemu yao.

Kaboplatini ina amonia zile zile mbili. Ila mahali pa kloridi pana molekuli moja kubwa ya kaboni na oksijeni inayoshika platini kwa mikono miwili kwa pamoja, na kitu kilichoshikwa kwa mikono miwili hakichomoki upesi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya dawa hupita kwenye figo na kutoka kwenye mkojo ndani ya saa 24 ikiwa bado nzima, bila kuwa imemshika mtu. Marekani iliiruhusu mwaka 1989.

Oksaliplatini imebadilishwa pande zote mbili. Kilichokaa mahali pa amonia ni pete ya kaboni sita yenye nitrojeni mbili, na cha kuondoka ni oksaleti. Ile pete haiondoki. Inabaki imening'inia kwenye DNA, na ndiyo inayosaidia dawa hii kufanya kazi kwenye saratani za utumbo ambazo sisplatini huzigusa kidogo tu. Ilitengenezwa Japani miaka ya 1970, ikaanza kuruhusiwa Ufaransa mwaka 1996 na Marekani mwaka 2002.

Hebu tazama hesabu hii ndogo. Mgonjwa wa eneo la mwili mita za mraba 1.6 akipewa sisplatini ya kila wiki (miligramu 40 kwa kila mita ya mraba) anapokea miligramu 64 za dawa, ambazo ndani yake platini ni kama miligramu 42. Akipewa oksaliplatini ya miligramu 85 kwa kila mita ya mraba, platini ni kama 67. Akipewa kaboplatini miligramu 500, platini ni karibu 263, yaani mara sita ya ile ya sisplatini, na bado figo zake zinapona. Kinachoumiza ni kasi ya mikono kufunguka kuliko wingi wa madini. Anayesema "amepewa dozi kubwa zaidi" kwa kusoma namba za miligramu kwenye karatasi mbili tofauti analinganisha embe na nazi.

Vigezo tutakavyotumia

Cha kwanza ni aina ya saratani na lengo la tiba: kuponya kabisa, au kupunguza ukali na kurefusha maisha. Hiki kinazidi vingine vyote. Kisha figo, zinazopimwa kwa kreatini (creatinine, taka ya misuli ambayo figo huitoa) kwenye damu. Kisha masikio na mishipa ya fahamu ya vidole. Kisha damu yenyewe, yaani chembe nyeupe na chembe sahani (zile za kugandisha damu). Mwisho mambo mawili ambayo watu wa Kusini wanayajua kuliko vitabu: saa za kukaa kwenye dripu pamoja na maji ya kunywa baadaye, na safari. Kutoka Mtwara mjini hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550, na mvua kubwa ikiamua, kama ilivyokuwa Mei 2024 wakati wa kimbunga Hidaya, barabara inakatika Somanga na ratiba ya kemo inakatika nayo.

Gharama hatukuipa nafasi yake peke yake. Kwa kawaida sisplatini ndiyo nafuu, lakini unafuu wake huliwa na dripu za maji, dawa za kutapika na siku za kulala mjini. Zote tatu zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Sisplatini

*Inatibu nini.* Mlango wa kizazi, ikitolewa kila wiki pamoja na mionzi. Korodani, ambako ndiyo nguzo ya tiba na wengi hupona. Kichwa na shingo pamoja na mionzi, kibofu cha mkojo, mapafu. Kwenye korodani iliyosambaa, kubadilisha sisplatini kwa kaboplatini kumeonekana wazi kupunguza uwezekano wa kupona, kwa hiyo hapo mjadala wa "ile nyepesi" haupo.

*Inavyotiwa.* Chupa nyingi zina miligramu 1 kwa kila mililita. Huchanganywa kwenye dripu ya chumvi ya 0.9%, na sababu ni ile ile ya kloridi: ukiiweka kwenye dekstrosi (dripu ya sukari) tupu, kloridi zinaanza kutoka ndani ya chupa kabla dawa haijafika mwilini. Isiwekwe kwenye friji, maana inaganda chembechembe na kutua chini. Ikingwe na mwanga. Isiguse sindano wala kifaa chenye alumini. Platini inaachia, dawa inaharibika na kuacha mashapo meusi. Katika joto la Lindi la Desemba, "joto la chumbani" la kwenye lebo, nyuzi 25, halipatikani chumbani. Stoo yenye kiyoyozi ni lazima, na umeme ukikatika mtu asikimbilie friji.

Kabla ya dawa mgonjwa hupewa kama lita moja ya maji ya chumvi yenye potasi na magnesi, na baada ya dawa hupewa mengine. Siku nzima kitini, saa nne hadi sita, ni jambo la kawaida. Muuguzi makini hupima mkojo: ukitoka chini ya mililita 100 kwa saa, dawa inasubiri. Siku mbili zinazofuata mgonjwa anywe lita mbili hadi tatu kwa siku. Hili kwa aliye Mtwara mjini ni rahisi. Kwa aliye juu kwenye uwanda wa Makonde, ambako ndoo ya maji ina bei yake, liandaliwe kabla ya safari: madumu yawe yamejaa, yamechemshwa, yanamsubiri.

Watu huuliza kuhusu dafu na korosho. Dafu lina potasi, na linamfaa anayetapika kama figo zake ni nzima. Kama figo zimeshuka, potasi hiyo hiyo inaweza kuwa hatari kwa moyo. Korosho zina magnesi nyingi kweli, karibu miligramu 290 kwenye gramu 100, na magnesi ndiyo hasa sisplatini inayomwaga kwenye mkojo. Ziliwe kama chakula. Ila magnesi iliyoshuka hadi misuli ikakaza hairudishwi na kiganja cha korosho, inataka dripu.

*Inachoharibu.* Kichefuchefu kwanza. Bila kinga, zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 watatapika. Kutapika huku kuna vipindi viwili: siku ile ile, halafu siku ya pili hadi ya tano. Kipindi cha pili ndicho kinachowakuta watu ndani ya basi, wamepita Nangurukuru, na dawa zimeachwa kwenye begi chini ya buti. Kinga nzuri ni mchanganyiko: ondansetroni, deksamethasoni, na olanzapini miligramu 5 usiku kwa siku nne, ambayo pia humpa usingizi. Mgonjwa akiondoka na ondansetroni peke yake, mlezi aulize kuhusu hizo nyingine.

Figo ndizo hatari kuu. Ikiwa uchujaji wa figo uko chini ya mililita 50 hadi 60 kwa dakika, wengi huiepuka. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazouzwa kila duka la dawa kwa maumivu ya mgongo, zinaongeza madhara hayo. Vivyo hivyo jentamaisini, ambayo inaharibu na masikio. Anayetumia ARV yenye tenofovir aseme mapema, kwani nayo hupita kwenye figo. Asiiache mwenyewe, daktari ndiye wa kuamua kama atabadilisha.

Masikio: mlio kama wa nyenje, kisha sauti nyembamba zinapotea. Hii hairudi. Usikivu upimwe kabla na katikati ya tiba. Ganzi ya vidole huja taratibu kadiri dozi zinavyojumlishwa.

*Inamfaa nani.* Mwenye figo nzima, masikio mazima, moyo unaostahimili maji mengi, na saratani ambayo inaponyeka kwa dawa hii. Haimfai mwenye moyo dhaifu unaojaa maji, wala mama ambaye uvimbe wa mlango wa kizazi umebana mirija ya mkojo na kreatini imepanda. Huyu wa mwisho ni wa kawaida kuliko watu wanavyodhani. Wakati mwingine mirija ikifunguliwa kwanza, au mkojo ukitolewa kwa mpira kupitia mgongoni, figo zinarudi na sisplatini inawezekana tena. Ni swali la kuuliza kabla ya kukata tamaa.

Kaboplatini

*Inatibu nini.* Ovari, pamoja na paklitakseli kila wiki tatu, mara sita. Hapa inafanya kazi sawa na sisplatini kwa taabu ndogo zaidi. Mapafu. Koo la chakula pamoja na mionzi, kwa dozi ndogo ya kila wiki. Saratani ya jicho ya watoto, ile inayoonekana kama mwanga mweupe kwenye mboni, ambapo huambatana na vinkristini na etoposidi. Seminoma (aina moja ya saratani ya korodani) ya hatua ya kwanza, kwa dozi moja tu. Na ni mbadala pale figo zinapokataa sisplatini kwenye mlango wa kizazi.

*Inavyotiwa.* Miligramu 10 kwa mililita, mara nyingi kwenye dekstrosi 5%. Ukiiweka kwenye dripu ya chumvi na kuiacha, kloridi huanza taratibu kuigeuza kuwa sisplatini. Ikitiwa upesi haileti shida kubwa, ila dekstrosi ni salama zaidi. Dakika 30 hadi 60 imekwisha, hakuna lita za maji, mgonjwa anaondoka.

Ugumu wake uko kwenye hesabu. Dozi haikokotolewi kwa ukubwa wa mwili; inakokotolewa kwa figo, kwa kanuni ya Calvert: miligramu = kiwango lengwa × (uchujaji + 25). Kiwango lengwa (AUC) ni kiasi cha dawa ambacho daktari anataka mwili ukutane nacho. Chukua mama wa miaka 52, kilo 58, kreatini mikromoli 80 kwa lita. Uchujaji wake: (140 − 52) × 58 × 1.04 ÷ 80, yaani kama 66. Kwa kiwango lengwa cha 5, dozi ni 5 × (66 + 25) = miligramu 455. Kreatini ikiwa 130, uchujaji ni 41 na dozi inashuka hadi 330. Dawa inajirekebisha kwa figo zake, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. (Kwa mwanamume, badala ya 1.04 weka 1.23.)

Sasa kosa lenyewe. Mama yule yule amekonda sana, misuli imeisha, kreatini inasoma 40. Kanuni inasema uchujaji kama 133 na dozi kama miligramu 788. Figo zake hazikuwa bora. Ni misuli tu haipo ya kutoa kreatini. Akipewa hiyo, wiki ya tatu chembe sahani zitaanguka vibaya. Kinga ni kuweka sakafu: kreatini iliyo chini ya 62 ihesabiwe 62, na uchujaji usizidi 125. Kwa sakafu hiyo dozi inakuwa kama 553. Tofauti ya miligramu 235 kwa mstari mmoja wa hesabu. Mtoto wa chini ya miaka mitatu ana hesabu yake: kwenye saratani ya jicho hutumika miligramu 18.6 kwa kilo.

*Inachoharibu.* Damu. Chembe sahani hushuka hadi chini kabisa karibu siku ya 21 na kurudi kufikia siku ya 28. Siku ya 21 ndiyo siku ya dozi inayofuata! Kwa hiyo mgonjwa anasafiri usiku kucha, anapimwa asubuhi, chembe sahani 78,000, anaambiwa rudi wiki ijayo. Kiwango kinachotakiwa kwa kawaida ni 100,000 na zaidi, na chembe nyeupe za kupambana na maambukizi 1,500 na zaidi. Dawa ya hili iko mikononi mwa familia: damu ipimwe hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula (Mtwara) au Sokoine (Lindi), siku moja au mbili kabla ya kukata tiketi, na majibu yatumwe kliniki. Hakuna ushauri kwenye ukurasa huu unaookoa pesa nyingi kuliko huo.

Kutapika kupo, kwa nguvu ndogo. Masikio na figo huguswa kidogo. Mzio ni jambo la pekee: huja kwa aliyeizoea, mara nyingi baada ya dozi ya sita hadi ya nane, hasa saratani iliporudi na dawa ikaanzishwa upya. Viganja kuwasha, uso kuiva, kifua kubana. Mgonjwa aliyechomwa mara saba bila shida ndiye wa kuangaliwa, wakati kila mtu ameshamzoea.

*Inamfaa nani.* Mwenye figo zilizopungua, mzee, mwenye moyo dhaifu, mwenye masikio ya kulindwa, na anayetoka mbali asiyeweza kulala mjini kila mara. Haimfai ambaye damu yake imeshachoka kwa kemo nyingi au mionzi ya nyonga nzima, wala mwenye korodani iliyosambaa.

Oksaliplatini

*Inatibu nini.* Utumbo mpana, tumbo, kongosho. Nje ya mfumo wa chakula ina kazi chache, kwa hiyo si mara nyingi inashindana na hizo mbili ana kwa ana. Mchuano wake halisi ni wa ratiba: 85 kwa mita ya mraba kila wiki mbili pamoja na fluorourasili ya dripu ya saa 46, au 130 kila wiki tatu pamoja na vidonge vya kapesitabini vya wiki mbili. Kwa wa Liwale au Nanyumbu, ya pili inapunguza safari. Lakini vidonge vinataka mtu anayefuata masharti na anayejua kusimamisha akiharisha.

*Inavyotiwa.* Dekstrosi 5% tu, mililita 250 hadi 500, kwa saa mbili. Chumvi hapana. Kloridi huichomoa oksaleti, na dawa uliyotaka imekwisha. Hata mpira wa dripu usafishwe kwa dekstrosi kabla na baada. Fluorourasili nayo ina asili ya alkali, zisichanganywe kwenye mpira mmoja bila kusafisha. Wodi iliyozoea sisplatini hukosea hapa kwa mazoea: mkono unakwenda wenyewe kwenye chupa ya chumvi. Bandiko jekundu juu ya chupa, "DEKSTROSI TU", linatosha. Ikivuja nje ya mshipa, usiweke barafu kama ulivyozoea kwa dawa nyingine. Baridi inaamsha mishipa ya fahamu.

*Inachoharibu.* Hii ni dawa inayoogopa baridi. Saa chache baada ya dripu, na kwa siku tatu hadi tano, kugusa kitu baridi kunaleta mchomo wa umeme vidoleni. Maji ya friji yanaleta hisia ya koo kufunga. Hewa inapita, koo halijafunga kweli, lakini mgonjwa anaamini anakufa, na hofu hiyo ni halisi. Apewe maji ya uvuguvugu, atulizwe. Kama hali hiyo ilimkuta wakati wa dripu, mara ijayo itiwe kwa saa sita badala ya mbili. Kila anayepumua kwa shida aangaliwe na mtaalamu kwanza, kwa sababu mzio nao upo.

Pwani ya Mtwara mtu atasema baridi iko wapi? Iko kwenye juisi ya ukwaju yenye barafu, kwenye kiyoyozi cha basi, kwenye upepo wa bodaboda alfajiri, na kwenye asubuhi za Juni na Julai kule Newala. Iko zaidi kwenye kreti la muuza samaki, ambaye kazi yake nzima ni kuchota barafu kwa mikono. Huyo aambiwe kabla, apange mtu wa kumshikia meza wiki ya kwanza ya kila mzunguko.

Ganzi ya pili ni ya kujumlika. Dozi zikifika jumla ya miligramu 780 hadi 850 kwa mita ya mraba, wengi wanaanza kushindwa kufunga vifungo, kushona nyavu, kubangua korosho bila kujikata. Tena inaweza kuendelea kuongezeka miezi kadhaa baada ya kuacha. Kwa hiyo ulizia muda: kwa saratani ya utumbo mpana ya hatua ya tatu yenye hatari ndogo, miezi mitatu ya oksaliplatini na kapesitabini imeonekana kukaribia sana miezi sita kwa faida, huku vidole vikisalimika kwa kiasi kikubwa. Ini na chembe sahani huguswa kiasi, figo na masikio kidogo sana.

*Inamfaa nani.* Mwenye saratani ya utumbo au tumbo, hata kama figo zimepungua kiasi. Haimfai mwenye ganzi ya miguu tayari, iwe ya kisukari, pombe au dawa za zamani.

Yanayohusu zote tatu

Homa ya nyuzi 38 au zaidi baada ya kemo ni dharura. Huku kwetu kila homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na mkono wa kwanza unakwenda kwenye dawa mseto. Mgonjwa wa kemo apimwe malaria na damu yote kwa pamoja, siku hiyo hiyo, hospitalini. Chembe nyeupe zikiwa chini, maambukizi yanaweza kummaliza kabla ya kesho.

Mkojo na matapishi vina platini kwa angalau saa 48. Mlezi avae glovu, nguo zifuliwe peke yake, choo cha shimo kifunikwe baada ya kutumika. Mjamzito asiwe ndiye anayefua. Mgonjwa mwenyewe asishike mimba wala asinyonyeshe, na kijana anayetibiwa korodani aulize kuhusu uzazi kabla ya dozi ya kwanza, maana baadaye huenda ikawa amechelewa.

Kwa hali yako

Ukiwa na saratani ya mlango wa kizazi, figo nzima, na umepangiwa mionzi Ocean Road, taasisi ya saratani ya Dar es Salaam, sisplatini ya kila wiki ina mantiki: wiki tano utakuwa Dar es Salaam kwa ajili ya mionzi hata hivyo, kwa hiyo safari haihesabiki. Tafuta mahali pa kulala penye maji ya uhakika.

Saratani hiyo hiyo, kreatini imepanda: uliza kwanza kama mirija imeziba na inaweza kufunguliwa. Ikishindikana, zungumzieni kaboplatini au mionzi peke yake.

Ovari, na unatoka Tandahimba: kaboplatini kila wiki tatu, na kipimo cha damu Ligula kabla ya tiketi. Saratani ikirudi na dawa ikaanzishwa tena, mkumbushe muuguzi hii ni dozi ya ngapi maishani mwako.

Kijana wa korodani iliyosambaa: sisplatini, hata kama wiki hizo zitakuwa ngumu. Kama kazi yako inategemea masikio, pima usikivu kabla, na ueleze mlio wa kwanza siku unapouanza kuusikia.

Koo la chakula, huwezi kunywa lita tatu kwa siku kwa sababu hata uji unapita kwa shida: kaboplatini ya kila wiki na paklitakseli pamoja na mionzi inakuondolea mzigo huo wa maji.

Utumbo mpana, na mikono yako ndiyo inayolisha nyumba: oksaliplatini, lakini muulize daktari kama miezi mitatu inatosha, na kila ziara mwonyeshe unavyofunga kifungo cha shati. Siku unaposhindwa, usisubiri ziara ijayo kumwambia.